Chenji ya Dawa: Boksi la Denmark, Bohari ya Keko na Zahanati za Ugweno

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Zahanati imenunua kidonge kwa shilingi 20. Akaja mgonjwa mwenye bima, akapewa kidonge, na mfuko wa bima ukalipa shilingi 50 kwa kuwa ndiyo bei iliyoandikwa kwenye orodha yake. Zimebaki shilingi 30. Za nani? (Bei nimezitunga ili hesabu iende, tafadhali usizipeleke dukani.)

Ukijibu kuwa ni za zahanati, swali linakuja la pili. Nyuma ya yule mwenye bima amekaa bibi wa miaka 74, hana bima, hana hela, na sera inasema atibiwe bure. Kidonge chake nacho kilinunuliwa kwa shilingi 20. Ile chenji ya 30 ndiyo inayomlipia, na bado inabaki 10 ya pamba na mafuta ya taa. Sasa ipandishe bei ya kununulia ifike 45. Chenji imekuwa shilingi 5, na bibi anaambiwa dawa hakuna, akanunue duka la barabarani.

Nimeandika habari za afya gazetini muda wa kutosha kujua kwamba mambo haya huwa tunayaripoti kama vituko: leo dawa hazipo, kesho waziri amekasirika, keshokutwa mkuu wa kituo kahamishwa. Historia ya bei yenyewe hatuigusi. Leo nataka kuigusa, na nitaifuata kwa kuangalia sehemu moja ninayoifahamu, Ugweno, milimani huko alikozaliwa baba yangu.

Lakini kwanza Marekani, kwa sababu wenzetu wale chenji hiyo wameiandikia sheria kabisa. Mwaka 1990 Bunge lao liliamua kwamba kampuni inayotaka kuuza dawa kupitia Medicaid, mpango wa serikali wa kutibu watu wa kipato cha chini, lazima itoe punguzo kwa kuangalia bei nzuri kuliko zote iliyowahi kumpa mteja mwingine. Kampuni zikapiga hesabu. Kumbe ukiionea huruma hospitali moja ya maskini, unalazimika kuishushia bei serikali nchi nzima! Mapunguzo ya hiari yakaanza kuyeyuka, na hospitali zilizokuwa zikitibu wasio na uwezo zikajikuta zinanunua kwa bei ya juu. Ikabidi sheria irekebishwe. Novemba 1992 Rais George H. W. Bush akatia saini, na kikapatikana kifungu maarufu cha 340B: kampuni ikitaka soko la Medicaid, lazima iwauzie kwa punguzo hospitali na kliniki zinazobeba wagonjwa wengi maskini. Hospitali inanunua kwa bei hiyo ya chini, bima ya mgonjwa inalipa bei ya kawaida, tofauti inabaki hospitalini.

Sheria ile haikusema tofauti hiyo itumikeje. Kwa miaka mingi sasa hospitali na kampuni za dawa zinavutana, hata mahakamani. Hospitali zinasema bila fedha hizo zitafunga wodi. Kampuni zinasema hospitali kubwa zinazifanya mtaji na maskini haoni kitu. Wote wawili wana ukweli ndani yake, na kwa maoni yangu chanzo cha ugomvi ni kwamba mgonjwa mwenyewe hajawahi kuiona ile chenji kwa macho.

Haya, turudi nyumbani.

Kwa asiyeifahamu, Ugweno iko Pare ya Kaskazini. Ukitoka Mwanga mjini unaiacha lami ya Dar na Moshi, unaanza kupanda, masikio yanaziba, migomba inaanza. Wilaya ya Mwanga ilikatwa kutoka wilaya ya Pare mwaka 1979. Kabla ya hapo makao yetu makuu yalikuwa Same. Lugha yetu, Kigweno, iko karibu na Kichaga kuliko Kipare, jambo ambalo huwashangaza Wapare wa Kusini na kuwafurahisha Wachaga. Zamani Ugweno ilisifika kwa chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana ndio waliokuwa wakifua, na majembe na silaha zikauzwa hadi nje ya milima. Yaani watu hawa walijua kupanga bei muda mrefu kabla ya kupangiwa.

Dawa za kizungu zilipanda mlimani pamoja na misheni. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shighatini mwaka 1900. Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, wakaleta utaratibu wa madresa waliolipwa na hazina za watawala wa kienyeji. Dresa alisafisha vidonda na kugawa dawa chache. Fedha yake ilitoka kwenye kodi ya wananchi walewale.

Na kuhusu kodi, Wapare wana historia ambayo kila mpanga sera wa afya angepaswa kuisoma kabla ya kupanda mlima. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ilileta kodi ya kupimwa, iliyoitwa mbiru: kila mtu akadiriwe mali yake, alipe kwa kadiri ya alichonacho. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Tatizo lilikuwa nani anapima, na kwa jicho gani. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka hadi Same na kupiga kambi kudai iondolewe. Wanawake wa Usangi, majirani zetu, nao waliandamana mwaka uliofuata. Mwishowe kodi hiyo ikafutwa. Watu walikuwa tayari kulipa kiwango kinachojulikana, sawa kwa wote. Walichokataa ni hesabu inayofanyika chumbani.

Kuna kisa kingine cha Pare ambacho kinahusu dawa moja kwa moja. Kati ya 1955 na 1959 mabonde ya Pare na Taveta, upande wa pili wa mpaka, yalipuliziwa dawa ya dieldrin majumbani chini ya mradi wa malaria uliosimamiwa na taasisi ya utafiti ya Amani. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto vikapungua. Upuliziaji ukasimama, mbu wakarudi, malaria ikarudi. Lakini vifo havikurudi vyote. Watafiti waliofuatilia baadaye walitaja sababu moja inayowezekana: klorokwini ilikuwa imeanza kupatikana kirahisi, hata madukani. Kidonge cha bei ya chini, kilicho karibu na nyumba, kikaokoa watu ambao mradi mkubwa ulikuwa umewaacha.

Uhuru ukaja, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikaahidi matibabu bila malipo katika vituo vyake. Zahanati zikajengwa vijijini kwa kasi. Kwetu zilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja, watu wakibeba mawe na mchanga kwa vichwa. Mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali binafsi za biashara. Za makanisa zikabaki, na baadhi zikawa hospitali teule za wilaya. Ukawa mfumo mzuri wenye kasoro moja: dawa zenyewe zilinunuliwa nje, kwa fedha za kigeni.

Fedha hizo zikaisha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, kahawa kuyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zahanati za milimani zilikuwa na kuta, mlango, mhudumu na rafu tupu. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40. Waziri wa Fedha alikuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, ng'ambo ya bonde tu kutoka kwetu. Sisemi alikuwa na njia nyingine. Ninachosema ni kwamba kwa saini ile kila kidonge kutoka nje kiligharimu shilingi zaidi ya maradufu, na wazee wa tarafa yetu na ya kwake walikuwa na homa ileile.

Kilichoziokoa zahanati ni boksi.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa kwa mara ya kwanza orodha ya dawa muhimu: acheni kununua kila kitu, nunueni zile zinazotibu magonjwa ya wengi, kwa majina yake ya asili, kwa wingi, na bei itashuka. Tanzania ikalifanyia kazi wazo hilo kuanzia 1983 na 1984 kwa fedha za Denmark, kupitia UNICEF, ambayo ghala lake kuu liko Copenhagen. Kila zahanati ikawa inapata boksi lililofungwa, lenye dawa za kiasi kilekile: klorokwini, aspirini, penisilini, dawa za minyoo, chumvichumvi za kuharisha, mafuta ya macho.

Nilizungumza na tabibu mmoja mstaafu aliyefanya kazi milimani enzi hizo. Aliniambia siku ya boksi ilijulikana kijiji kizima, na wagonjwa walipangilia kuugua kwao kwa kufuata siku hiyo. Alicheka, lakini si utani. Boksi lilikuwa zuri kwa sababu lilifungwa: halikuweza kudokolewa njiani bila kujulikana. Ubaya wake nao ulitokana na kufungwa. Zahanati ya Ugweno kwenye baridi na zahanati iliyo karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye mbu, zilipewa boksi moja. Huku kitu kinaisha wiki ya pili, kule kinarundikana mpaka kinaharibika.

Na boksi halikuwa na bei. Mganga hakujua kilichomo kimegharimu kiasi gani, mgonjwa hakujua, mwenyekiti wa kijiji hakujua. Kizazi kizima cha wahudumu kilifanya kazi bila kuona hata mara moja kwamba kidonge kina bei ya kununulia. Nadhani jambo hilo lilituathiri kuliko tunavyokiri.

Wakati huohuo wenzetu walikuwa wanajaribu njia nyingine. Uganda, makanisa ya Kikatoliki na Kiprotestanti yaliungana mwaka 1979 kuanzisha Joint Medical Store, ghala la pamoja la kuziuzia hospitali zao kwa bei ya jumla. Kenya wakafanya hivyo 1986 kwa MEDS. Ukitafakari, hiyo ni 340B ya maskini: hakuna sheria ya kuibana kampuni, kwa hiyo hospitali ndogo zinajikusanya mpaka ziwe mteja mkubwa asiyepuuzwa. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, na wazo likasemwa wazi: nunua dawa muhimu kwa bei ya chini, muuzie mgonjwa ukiweka cha juu kidogo, tumia hicho cha juu kujaza tena rafu na kuendesha kituo. Chenji ikapewa kazi rasmi.

Kwetu mabadiliko yalikuja kwa mkupuo. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza kwa awamu katika hospitali za serikali. Mwaka huohuo wa 1993, miezi tu baada ya Bush kusaini kifungu chake, Bunge letu likapitisha Sheria namba 13 ya kuanzisha Bohari ya Dawa, MSD, kuchukua nafasi ya Bohari Kuu ya zamani. Makao yake Keko, Dar es Salaam, na kanda zake zikiwemo Moshi, ambako ndiko Mwanga huhudumiwa. Wadenmark walisaidia tena.

Tofauti ya MSD na bohari iliyotangulia ni kwamba MSD ilitakiwa kuuza. Inanunua kwa wingi wa nchi nzima, inaongeza cha juu cha kuendeshea shughuli, inaviuzia vituo vya serikali na vya makanisa kwa bei ambayo duka la mtaani haliwezi kuifikia. Fedha ikirudi inanunua tena. Kila kituo kina akaunti yake kule, na Hazina inaweka humo fungu la dawa. Taratibu boksi likaondolewa, vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kile vinachohitaji. Baadaye MSD ikaacha kuishia makao ya wilaya na kuanza kufikisha dawa hadi mlangoni mwa kituo. Kwa barabara ya Ugweno wakati wa masika, hilo si jambo dogo.

Mfuko wa mzunguko, ili uzunguke, kila mtu lazima alipe. Hapo ndipo serikali yenyewe ilipouvunja mguu. Vituo vilipewa dawa, Hazina haikuleta hela. Mwaka 2014 deni lilikuwa limefika shilingi bilioni 90 na ushee, na MSD ikasitisha kuzipa dawa baadhi ya hospitali, Muhimbili ikiwemo. Magazeti yaliandika sana kuhusu Muhimbili. Kuhusu zahanati za tarafani hatukuandika. Sote tuliokuwa na ndugu huko tulijua tu kwamba walikuwa wanatumiwa dawa kwa basi.

Baada ya hapo bajeti ya dawa ilipanda, kutoka shilingi bilioni 31 mwaka wa fedha 2015/16 hadi zaidi ya bilioni 250 mwaka uliofuata, na MSD ikahimizwa kununua viwandani moja kwa moja bila madalali. Nchi za SADC nazo zikaichagua kuratibu ununuzi wao wa pamoja. Hiyo ni heshima, na nitakuwa mchoyo nisipoitaja.

Dawa za UKIMWI zilipita njia yake zenyewe. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, wakati bei ya kampuni za Magharibi ilikuwa zaidi ya dola 10,000. Bila kushuka huko, mpango wetu wa kuzitoa bure kuanzia 2004 usingewezekana hata kwa wafadhili kumi. Lakini nao ni boksi la namna fulani, bei yake hatuioni. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, ghafla kila mtu akaanza kuuliza kwani dawa hizi huwa zinagharimu kiasi gani.

Sasa nirudi kwa yule bibi wa miaka 74.

Sera zetu zinasema watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu na UKIMWI, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ni sera nzuri na siipingi. Ila ipeleke Ugweno uone. Vijana wameondoka. Wako Dar, Arusha, Moshi, wachache wako nje. Kahawa haisomeshi tena mtoto. Waliobaki ni wazee, na wajukuu walioachiwa. Desemba iliyopita, tulipopanda kula sikukuu, nilikaa asubuhi moja kwenye kibaraza cha zahanati nisiyoitaja. Ukiondoa mama mmoja mjamzito na kijana aliyejikata na panga, waliokuja wote walikuwa na mvi au walikuwa mgongoni. Yaani karibu kila mgonjwa alikuwa wa msamaha.

Zahanati ya mjini ina wafanyakazi wenye Bima ya Afya iliyoanza 2001, na chenji yao inabeba wengine. Zahanati ya mlimani haina wa kumtoa chenji. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupata sheria 2001, ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita iliwekewa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kiwango kimoja, kinajulikana, babu zetu wa mbiru wangekielewa. Wengi walilipa mwaka wa kwanza. Walipokuta dawa hakuna, mwaka wa pili wakatulia na hela yao. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na nasubiri kwa hamu kuona nani atamlipia mzee ambaye watoto wake hawapigi simu.

Kuna jambo la kiutaratibu ambalo mhudumu wa zahanati ile alinieleza kwa subira. Kitu kikikosekana MSD, kituo kinatakiwa kwanza kipate uthibitisho kwamba hakipo ndipo kinunue kwingine. Zamani kila mkuu wa kituo alikuwa anahangaika na duka lake, kwa bei ya duka hilo. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza utaratibu unaoitwa Jazia: vituo vyote vya mkoa vinaungana, vinampata mshitiri mmoja kwa zabuni, na bei inafungwa kwa wote. Kufikia 2019 ulikuwa umesambazwa mikoa yote. Ni ghala la makanisa ya Uganda la 1979 katika nguo nyingine, na kwa kituo kidogo ni msaada wa kweli. Ila hata hivyo bei ya mshitiri mara nyingi ni kubwa kuliko ya Keko, na kila kidonge kinachonunuliwa hivyo kinakula chenji ya kidonge kingine.

Nilimuuliza mhudumu ni dawa gani huulizwa zaidi. Presha na sukari, akasema, hata hakufikiri. Boksi la 1984 lilifungwa kwa ajili ya mtoto mwenye homa na mama anayeharisha, na dozi ya wiki moja ilitosha. Dozi ya presha haina mwisho. Ni kila siku, mpaka mtu aondoke duniani. Tena orodha ya taifa inagawa dawa kwa ngazi, na zahanati iko ngazi ya chini kabisa, kwa hiyo baadhi ya dawa hizo hairuhusiwi hata kuziagiza. Bibi anaandikiwa aende Usangi hospitalini. Nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa.

Ukutani pale palikuwa na mabango mengi: unyonyeshaji, kunawa mikono, rushwa ni adui wa haki. Niliyatazama yote nikitafuta karatasi yenye bei mbili, ile ya MSD na ile inayolipwa na bima. Niliomba kuonyeshwa. Mhudumu akafungua kabati, akatoa faili la hati za kupokelea mzigo, akaniwekea mezani. Bei za MSD zilikuwemo zote, mstari kwa mstari, kila kidonge na senti yake. Alisema tangu aripoti kituoni hakuna mwanakijiji aliyewahi kuomba kuliona.